Mtoto Aliyeshinda Beseni

Wiki iliyopita msichana mmoja wa afya alipita hapa kwetu Nyasho kupima watoto. Alikuja na mizani ya kisasa, mama anasimama juu yake amembeba mwanawe na namba inatokea yenyewe. Mtoto wa jirani yangu alipimwa akiwa amevaa soksi. Namba ikatoka, msichana akaiingiza kwenye simu, akasema mtoto yuko vizuri, akageuka aende nyumba ya pili. Mimi nilikuwa nimekaa nje nachambua mchicha. Nikamwita, nikamwuliza mbona hakumvua mtoto soksi. Akacheka kwa adabu, akanieleza kwamba soksi uzito wake ni mdogo sana, hauharibu kitu.

Hakuelewa nilichomwuliza. Sikumlaumu, maana katika umri wake hata mimi nisingeelewa, na kutoelewa kwangu kulikaribia kumuua mtoto wa watu. Ndiyo maana nimeomba daftari kwa mjukuu wangu nikaanza kuwaandikia ninyi mnaoingia kwenye kazi hii ya lishe. Naandika kama ninavyoongea, kwa hiyo nikiruka huku na kule mnivumilie. Nina miaka mingi, na uvivu wa kufuta.

Nilikuwa Bibi Maendeleo. Siku zile kila eneo lilikuwa na Bwana Shamba wa mazao, Bwana Afya wa vyoo na visima, na Bibi Maendeleo wa wanawake: kusoma, kushona, kupika, kulea. Mimi ni mzaliwa wa Suguti. Nilisomea kazi kwa miezi michache tu, nikapewa baiskeli na kitabu cha lishe chenye picha zisizo na rangi, nikapangiwa kijiji kipya cha ujamaa kati ya Bunda na Butiama. Watu walikuwa wamehamia karibu karibu, nyumba zimepangwa kwa mistari, shamba la pamoja lilikuwa la pamba. Nilifika na viatu vyeupe. Vilikaa vyeupe siku mbili.

Somo langu la kwanza lilikuwa mayai. Kitabu kilisema yai ni chakula bora, basi nikachemsha mayai thelathini, nikawaita akina mama. Walikuja wengi, wakasikiliza kwa utulivu, wakajibu maswali yote. Nilipogawa mayai, kila mmoja alilipokea kwa mikono miwili, akalifunga kwenye pindo la kanga. Nikafurahi, nikadhani wanapelekea watoto. Kesho yake nikiwa njiani mwanamume mmoja akanisimamisha, akanishukuru sana kwa mafunzo, akaniuliza darasa la mayai litarudi lini. Mayai yote thelathini walikula waume. Kwetu mwanamke hakuwa mtu wa kula yai wala kuku. Mjamzito akila yai, walisema, mtoto atazaliwa bila nywele. Mtoto mdogo akila yai atachelewa kusema, na akishasema atakuwa mwizi. Hakuna aliyenibishia darasani, kwa sababu haikuwa heshima kumbishia mgeni. Jifunzeni hapo: ukiona darasa zima linaitikia ndiyo, jua hujafundisha kitu.

Aliyenicheka kuliko wote alikuwa Mzee Masatu, dresa wa zahanati yetu. Dresa ndiye aliyefunga vidonda, akachoma sindano, akatoa dawa, na pale kijijini ndiye aliyekuwa daktari wetu. Alikuwa mtu mfupi, mkali, koti lake la kazi halikosi madoa ya dawa nyekundu. Alinitania kwamba nimeanzisha lishe bora ya wanaume. Halafu akaniambia niache mayai kwanza, nitazame ni kitu gani ambacho watu tayari wanacho na hakijakatazwa na mtu.

Sasa huyu Mzee Masatu alikuwa na tabia moja. Kila mtoto mdogo aliyeletwa kwake alimsalimia mguu. Hakumshika kidevu wala kumpapasa kichwa kama wazee wengine. Alichukua mguu, akauweka kwenye kiganja, akaubonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, akahesabu kimya, akachukua na wa pili. Kisha ndipo akamwamkia mama. Nilidhani ni utani wake wa kuzoeana na watoto. Nilikuwa naye karibu kila siku na sikumwuliza hata mara moja. Niliona aibu ya mtu aliyetoka kwenye mafunzo kumwuliza dresa.

Ikaja sikukuu ya Saba Saba. Mkubwa wangu wa Musoma alitaka kijiji kifanye mashindano ya watoto wenye afya, na wageni wangekuja na gari. Zawadi ilikuwa beseni kubwa la bati lenye maua mekundu, na ndani yake mche wa sabuni. Mzee Masatu hakuwepo, alikuwa amekwenda mjini kufuata dawa. Mizani sikuwa nayo, nikaazima ile ya kuning'inia kutoka kwenye ghala la pamba. Tukachukua kiroba, tukakitoboa matundu mawili ya miguu, watoto wakaning'inizwa humo mmoja mmoja mbele ya umati.

Watu walifurahi mno. Ulikuwa msimu wa kuuza, na kila mtu alikuwa ameipima pamba yake kwenye mizani ile ile. Pamba nzuri inaitwa safi, mbaya inaitwa fifi. Basi kila mtoto aliyepanda, vijana wakapaza sauti, safi, au fifi, na mama zao wakacheka au wakanuna. Nami nilicheka pamoja nao. Nawaambia wazi, ile siku nilijiona mtu mkubwa.

Mtoto aliyeshinda aliitwa Nyanjura, msichana wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mashavu yamejaa, mikono imejaa, miguu imejaa mpaka vifundo havionekani. Nywele zake zilikuwa laini, nyekundu nyekundu, wanawake wakawa wanazishika na kuzisifu. Wenzake wote walilia ndani ya kile kiroba, yeye alitulia tu, akatazama chini. Mgeni mmoja alisema ni mtoto mwenye adabu. Mshale wa mizani ulikwenda mbali kuliko kwa mtoto yeyote wa umri wake. Nikatangaza jina, nikampa mama yake beseni. Babu yake mzaa baba, Mzee Magesa, ambaye ndiye mkuu wa boma lile na mwenye ng'ombe kuliko wengi, alilipokea beseni kutoka kwa mke wa mwanawe, akalivaa kichwani kama kofia, akacheza nalo hadi kwake.

Mmeshaona kosa langu? Kama hamjaliona, msifunge daftari.

Mzee Masatu aliporudi nilimpa habari zote kwa majivuno. Akasema basi twende tukampongeze mshindi. Tulimkuta mtoto amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe, pembeni yake bakuli la uji mweupe wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, umeganda na nzi juu yake. Mzee Masatu alimsalimia mguu. Alibonyeza, akahesabu, akatoa kidole. Shimo likabaki pale pale kwenye nyama, la ukubwa wa punje ya mahindi, halikurudi. Akachukua mguu wa pili, likabaki shimo la pili. Kisha akamsifu Mzee Magesa kwa zizi lake, akaomba maji ya kunywa, tukaaga.

Tulitembea mpaka tukapita mashamba ya mwisho. Ndipo akasema, "Binti, umempa zawadi mtoto anayekufa."

Nilikaa chini, kwenye majani, na viatu vyangu. Alinieleza taratibu. Ule haukuwa unene, ni maji. Mtoto ameachishwa ziwa mapema, anakula wanga mtupu, mwili umekosa cha kujengea, maji yanajaa chini ya ngozi. Nywele zimepoteza rangi kwa njaa ya aina hiyo. Ule utulivu si adabu, hana nguvu ya kulia. Kitabu changu kilikuwa na picha ya ugonjwa ule, nimeisoma na kuifanyia mtihani, lakini ilikuwa picha ya mtoto aliyekwisha kuharibika, ngozi inabambuka. Hakuna aliyenionyesha unavyoanza. Nililia, nikamwuliza ana muda gani. Akasema akipata homa au kuhara, wiki moja inatosha.

Kesho yake asubuhi nilirudi pale bomani peke yangu kumwambia Mama Nyanjura. Alikuwa anatoka kwenda kuchuma pamba. Nilipomaliza kusema alitazama kama kuna anayesikia, akaniuliza kwa sauti ndogo sana.

"Dada, unajua wakisikia huyu mtoto anaumwa watasema nini?"

Nilijua. Kwa msiojua, kuna kitu kinaitwa kubemenda. Watu waliamini, na wengine bado mnaamini, kwamba mtoto anayenyonya akidhoofika ni kwa sababu wazazi wamekutana mapema, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Na kwa kawaida yetu hakuna anayemtazama baba. Mama Nyanjura alikuwa ameshika mimba nyingine, ndiyo sababu akamwachisha mtoto ziwa, na minong'ono ilikuwa imeanza hapo kijijini. Beseni langu lilikuwa limeifunga midomo yote. Mtoto aliyeshinda mbele ya wageni kutoka Musoma hawezi kuwa amebemendwa. Sasa mimi nilikuwa nakuja kumvua ile nguo mbele ya watu.

Mzee Magesa alitusikia. Hakugomba, alinicheka. Akasema mimi ndiye niliyepima, mimi ndiye niliyetangaza, kwa mdomo huu huu. Kama nataka beseni nimpe ndugu yangu, niseme. Mtoto wa nyumba yake ananenepaga kila siku, na kama ninaona wivu niolewe nizae wangu. Akaniambia nisikanyage tena pale.

Nilipanda basi kwenda Musoma kwa mkubwa wangu, nikatubu kila kitu. Alikuwa mama mwema, lakini aliogopa. Akaniambia nisiseme neno hadharani, wageni waliokuwepo ni watu wazito, ofisi itaonekana ya ovyo. Nimpelekee mama yule unga na maziwa kimya kimya, mambo yataisha. Nikamjibu kwamba mama yule hawezi kupokea chakula cha mgonjwa wakati mtoto wake ni bingwa. Akasema tena, kimya kimya. Nikasema ndiyo. Nilishawaambia habari ya watu wanaoitikia ndiyo.

Niliporudi kijijini ile mizani ilikuwa bado kwangu, basi asubuhi nikaifunga kwenye baiskeli kuirudisha ghalani. Nilimkuta karani anapokea pamba. Mkulima mmoja alikuwa ameleta mzigo wake, anataka kuuning'iniza. Karani akamzuia kwa mkono, akafungua mdomo wa mzigo, akazamisha mkono mpaka begani, akatafuta tafuta kule chini. Akautoa, akausugua kwenye suruali yake, akamwambia yule mtu akaanike pamba yake kwanza ndipo arudi. Watu kwenye foleni wakacheka. Wote walijua mchezo ule: unanyunyizia pamba maji, mizani inasoma uzito, na ndani hakuna kitu.

Mimi sikucheka. Nilisimama pale na mizani mikononi nikatazama ule mkono wa karani. Yeye, kwa pamba tu, hakuwa akiiamini mizani mpaka mkono wake uingie kwanza. Mimi, kwa mtoto wa mtu, niliamini mshale.

Siku mbili baadaye kulikuwa na mkutano wa kijiji nje ya ofisi ya chama, habari ya zamu za shambani. Nilimwomba mwenyekiti dakika tano. Mzee Masatu nilimwambia nitakachofanya, akaniuliza kama nimejiandaa kurudi Suguti kulima, nikamwambia jembe nalijua. Nilisimama nikasema hivi, na maneno haya nayakumbuka yote:

"Siku ya Saba Saba nilipima watoto wenu kwenye mizani ya pamba. Naomba mniambie, pamba ikimwagiwa maji inapima vipi?"

Mtu mmoja nyuma akasema inapimaga nzito, na watu wakaangua kicheko, wengi wakamgeukia Mzee Magesa, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kurudishwa na mzigo wake ghalani akauanika siku nzima juu ya paa. Naye akacheka, hakuwa mtu wa kununa. Nikasubiri wamalize. Nikasema kwamba ninyi mnajua, karani hutia mkono kwanza ndipo apime. Mimi sikutia mkono. Nimepima maji nikayaita mtoto. Kosa ni langu, si la mama wala la nyumba ile, na beseni ni lao, silitaki. Nataka mtoto aje zahanati.

Mzee Magesa aliacha kucheka. Akasimama, fimbo mkononi, na nilidhani ndiyo mwisho wangu. Minong'ono ikaanza upande wa wanawake, nikalisikia lile neno, kubemenda. Ndipo Mzee Masatu akasema kutoka pale alipokaa, bila hata kusimama, kwa sauti yake ya kukaripia wagonjwa, "Huu ugonjwa hauanzii kitandani, unaanzia bakulini. Nimefunga vidonda vyenu miaka yote, nani atanibishia?"

Nikaona Mama Nyanjura ananyanyuka katikati ya wenzake. Alikuja mbele na mtoto mgongoni, akamfungua, akampakata. Hakuniangalia mimi wala watu. Alimtazama mkwewe, na kwetu mkwe hatazamwi hivyo. Akaushika mguu wa mwanawe, akabonyeza kwa kidole gumba chake mwenyewe, akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Akautoa, akamnyooshea yule mzee mguu.

"Baba, tia mkono."

Mzee Magesa aliinama. Aliliona lile shimo. Akabonyeza pembeni yake, likatokea la pili. Aligusa tena, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayetafuta pakavu. Kisha akajifuta kidole kwenye shuka lake na kumwambia Mzee Masatu neno moja tu, kwamba atafute kitanda.

Msidhani iliishia hapo. Wengi wenu mnapenda hadithi iishie kwenye mkutano, lakini mkutano haulishi mtoto. Kitanda kilikuwa kimoja pale zahanati, mama na mtoto wakalala hapo. Mzee Masatu alimpa dawa, na akanikabidhi mimi kijiko. Mtoto wa namna ile hashindiliwi chakula, atakufa. Tulimpa kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili, maziwa yaliyochemshwa na sukari kidogo na mafuta kidogo. Siku ya kwanza alitema yote. Siku ya pili alitema nusu. Mama yake alimpa kwa kijiko, mimi nikimpa yeye moyo, na tulipochoka tulibadilishana.

Maziwa yalitoka kwa Mzee Magesa. Hili nalo lilinifundisha. Nyumba yenye ng'ombe wengi kiasi kile, na mtoto anakufa kwa kukosa maziwa. Maziwa yalikuwa ya wanaume na ya wageni, na mtoto aliyeachishwa ziwa walisema yatamletea minyoo. Walisema hivyo hivyo kuhusu nyama, kuhusu karanga, kuhusu kila kitu kitamu. Uji wa udaga peke yake ndio hawakuusema kitu, kwa sababu ni mweupe, unashibisha, na mtoto akishiba halii. Mwaka ule tulivuna pamba nyingi sana. Kila kipande cha ardhi kilipandwa pamba, hata vile vilivyokuwa vya karanga na kunde za akina mama. Kwa hiyo usiulize tu nyumba ina nini. Uliza nani anakula nini, na nani anakula mwisho.

Wiki ya kwanza ilipoisha maji yakaanza kutoka, na mtoto akakonda. Mbavu zikaonekana, uso ukawa wa kizee. Mzee Magesa alikuja na kibuyu cha maziwa akamwona, akakiweka chini akaniambia mbele ya mama wa mtoto, "Alikuja hapa mnene. Wewe unamfanya nini?"

Watu waliokuja na vidonda vyao walirudi na habari hiyo kijijini, kwamba Bibi Maendeleo anamkausha mtoto. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Usiku sikulala, lakini asubuhi nilichukua kijiko. Nilimwambia yule mzee kwamba pamba iliyonyeshewa, ukiianika, lazima iwe nyepesi kwanza. Akasema mkikosea safari hii sitawacheka. Akaacha maziwa.

Siku ya kumi na moja Nyanjura alilia. Alilia kwa hasira, kwa sababu mama yake alichelewesha kijiko. Mzee Masatu alikuwa anamfunga mtu kidonda, akaacha bandeji inaning'inia akaja kusikiliza. Sijawahi kufurahia kelele za mtoto kama siku ile.

Sasa kazi. Alipoanza kula vizuri tulihamia kwenye uji, na huu ndio uji nilioufundisha mpaka nikastaafu. Unga wa ulezi, si udaga mtupu. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Chambua kwanza, yenye ukungu tupa, usiionee huruma. Dagaa wakavu, ambao watu wa kule juu, mbali na ziwa, waliwaita chakula cha bata kwa sababu wanaanikwa mchangani. Mchanga unaoshwa. Watoe vichwa, waoshe mara tatu kwa maji ya moto, wakaange bila mafuta, wasage wawe unga, weka kijiko kimoja na funika harufu kwa ndimu kidogo. Ukikosa dagaa, furu, wale samaki wadogo ambao wakati ule ziwa lilikuwa limejaa, waliokaushwa na kusagwa pamoja na miiba yao. Uji usiwe maji. Chota, geuza kijiko. Ukitiririka kama chai, rudi jikoni. Na mtoto awe na bakuli lake mwenyewe, asishindane na kaka zake kwenye sahani moja.

Sikusema yai. Miaka mitatu sikutaja yai pale kijijini. Lakini mwaka wa pili, siku moja, Mama Nyanjura mwenyewe alipasua yai akalikorogea kwenye uji wa mdogo wa Nyanjura, mbele yangu, akanitazama kama anayesubiri nishangae. Nikaendelea kukoroga changu. Yule mtoto alisema mapema kuliko wenzake, na mpaka leo hajaiba kitu ninachokijua.

Mkubwa wangu alipata habari ya mkutano, akaniita Musoma, nikaandikiwa barua ya onyo. Ninayo mpaka leo. Niliibeba kwenye baiskeli mwaka mzima pamoja na kitabu cha lishe, na ukiniuliza kipi kilinifundisha zaidi, sitakujibu.

Saba Saba iliyofuata kijiji kilitaka mashindano tena. Nikakubali kwa sharti kwamba Mzee Masatu akae kwenye kiti mlangoni, na hakuna mtoto atakayefika kwenye mizani kabla hajasalimiwa mguu. Foleni ikawa ndefu, wageni wakachoka na jua, mkubwa wangu akawa ananikazia macho. Hakuna aliyeita safi wala fifi. Watoto watatu walitolewa kwenye foleni siku ile, wakapelekwa zahanati, na mama zao hawakuona haya, maana waliona njia imeshapitiwa na mwenzao.

Mama Nyanjura alikuja wa mwisho, amebeba mdogo mgongoni na Nyanjura akitembea mwenyewe, mkononi wakiwa wameshika lile beseni kila mmoja upande wake. Ndani mlikuwa na karanga. Nyanjura alipiga kelele alipoingizwa kwenye kiroba, akarusha teke likampata Mzee Masatu kwenye kidevu. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukasimama. Ulisimama pale pale uliposimama mwaka uliopita, kwenye alama ile ile. Watu wakaona. Mtu akauliza kwa sauti, mwaka mzima huyu mtoto hajaongezeka hata kidogo?

Mama yake alimtoa kwenye kiroba, akamgeuza, akaushika mguu wake juu ili watu wote wauone. Akabonyeza, akahesabu mpaka tatu, akaachia. Nyama ikarudi hapo hapo, hapakubaki alama.

"Mwaka jana mlipimaga maji," akasema. "Leo ndiyo mmempima Nyanjura."

Basi, wanangu, simu zenu ni nzuri na mizani zenu ni nzuri kuliko ile ya pamba. Lakini yule msichana akipita tena hapa Nyasho, nimeshamwambia jirani yangu, atamkuta mtoto amevuliwa soksi.